Nani Anayo Skoshiti ya Mechi Ile?

Wakusanye watu watatu waliosoma Mwanza na wanaopenda mpira wa kikapu, waagizie kahawa, kisha taja mechi yoyote ya shule iliyochezwa kabla ya simu za kurekodi kuingia kila mfuko. Giza litawakuta hapo hapo. Mmoja atasema timu yao ilishinda kwa pointi tatu, mwingine atasema kwa moja, wa tatu atasema haikushinda kabisa. Wote walikuwepo uwanjani. Wote wanaapa.

Mimi ni mmoja wao, na napenda mabishano hayo kuliko mechi nyingi ninazoziona kwenye televisheni. Ila miaka inavyokwenda kuna jambo linaniuma. Waliocheza wanahama, waliofundisha wanastaafu, wengine tunawazika, na kila anayeondoka anaondoka na mechi zake. Msimamo wangu ni huu: historia ya kikapu cha shule na vyuo hapa kwetu inapotea kwa sababu ya karatasi moja, skoshiti, yaani karatasi ya mezani ya kuandikia pointi na faulo, ambayo ikishasainiwa hakuna anayeuliza imekwenda wapi.

Nieleze kwa mechi moja.

Ilikuwa ya wasichana, UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, enzi za kivuko, daraja la Kigongo–Busisi la kuvuka ziwa likiwa bado. Majina ya shule siyaandiki, maana nikiyataja upande mmoja utaona nimeshampa mtu ushindi. Timu iliyotoka ng'ambo ilikwama kivukoni tangu mchana. Walipofika saa ilikuwa inakaribia kumi na moja jioni, na mabinti walishuka kwenye basi wakiwa wameshavaa jezi, viatu vimefungwa, wengine wakitafuna mihogo ya barabarani. Waamuzi wakawapa dakika chache za kupasha misuli, mpira ukarushwa juu.

Aliyewahi kucheza kwenye uwanja wa wazi unaotazama ziwa anaujua upepo wa saa hizo. Nchi kavu imepata moto mchana kutwa, maji yamebaki ya baridi, na upepo unatoka ziwani kuja juu. Mpira unaorushwa mbali na kwa kimo kirefu unahama njia kabla haujafika kwenye ringi. Wenyeji walilijua hilo tangu kidato cha kwanza. Walikuwa wanaingia ndani, wanagongesha ubaoni, wanarudi kulinda. Wageni robo ya kwanza walirusha kutoka pembeni kama walivyozoea kwao, na mipira ikawa haigusi hata chuma. Mwalimu wao akaomba taimauti, mapumziko mafupi ya kuongea na timu. Sikusikia alichosema, lakini walivyorudi hakuna aliyerusha tena kutoka mbali hadi mwisho.

Walikuwa na msichana mmoja, namba 9, mfupi, anatumia mkono wa kushoto. Kila mlinzi aliyemkabili alimziba kulia, kwa mazoea tu, naye akapita kushoto. Waliobadilishwa kumkaba walikuwa wengi, na yeye hakutolewa hata mara moja. Alikuwa anapunguza tofauti polepole: leiapu (kukimbia na kufunga chini ya ringi), faulo, mtupo huru, leiapu tena. Hadi leo nikiona mchezaji wa mkono wa kushoto namkumbuka yeye kwanza.

Sekunde za mwisho wenyeji walikuwa mbele kwa pointi moja. Namba 9 akachukua mpira katikati, akapita wawili, akaruka. Mpira ukatoka mkononi, filimbi ikalia, mpira ukaingia. Mtunza saa alikuwa na saa ya kubonyeza mkononi. Hakukuwa na taa nyekundu nyuma ya ubao, hakukuwa na kengele. Watu wakamiminika uwanjani wa pande zote mbili, kila upande ukishangilia, na refa akaenda kwenye meza ya watunza saa na pointi akifuatwa na umati. Mechi yenyewe ilikuwa ya makundi na timu zote mbili zilikuwa zimeshafuzu, kwa hiyo hata kuangalia nani alisonga mbele hakusaidii.

Ninachokijua ni nilichokiona: mpira ulitoka mkononi kabla ya filimbi. Rafiki yangu mkubwa, mtu mkweli, aliyekuwa amesimama upande wa ringi ya pili, anasema aliona kinyume, na anasema aliona refa akivuka mikono kukataa. Tumezeeka na mabishano hayo.

Sasa fikiria karatasi iliyokuwa mezani. Skoshiti ya kikapu imepangwa kwa akili kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Upande mmoja kuna majina ya wachezaji, namba za jezi na visanduku vitano vya faulo kwa kila mtu. Upande mwingine kuna safu za namba kuanzia 1 hadi 160 kwa kila timu. Mchezaji akifunga, namba ya jezi yake inaandikwa kando ya jumla mpya. Kikapu cha kawaida kinakatwa mstari wa mshazari, mtupo huru unawekwa nukta nzito, na kwa pointi tatu namba ya jezi ya mfungaji inazungushiwa duara. Robo ya kwanza na ya tatu zinaandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa bluu au nyeusi. Robo ikiisha, namba ya mwisho inazungushiwa duara nene. Mechi ikiisha, mistari miwili inapigwa chini yake. Anayejua kuisoma anaicheza mechi nzima upya kichwani: anaona timu gani iliongoza lini, nani alipata faulo ya nne mapema, nani alinyamaza robo tatu kisha akaamka.

Mistari miwili ile ingetosha kumaliza ubishi wetu. Mezani kuna mtu aliyeipiga, chini ya namba moja au chini ya nyingine, na refa mkuu akasaini. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, saini ya refa mkuu ndiyo inayofunga kazi ya waamuzi kwenye mechi ile. Fomu kamili ina nakala nne: nyeupe na ya bluu za waandaaji, ya pinki inakwenda kwa mshindi, ya njano kwa aliyeshindwa. Maana yake hata rangi ya karatasi tu, ukiikuta kwenye kabati la shule mojawapo, inakwambia nani alishinda.

Najua hali halisi. Shule nyingi hazina fomu za nakala nne. Nimeona mechi nzito zikiandikwa kwenye fotokopi moja iliyofifia, na nyingine kwenye daftari la kawaida lililopigwa mistari kwa rula. Haijalishi. Daftari hilo nalo ni skoshiti, na nalo hupotea vilevile: linabaki kwenye begi la mwalimu wa zamu, likipata nafasi linatumika kuandikia mahudhurio, kisha linaishia jikoni kuwashia mkaa.

Kumbukumbu ya mashabiki ina kazi yake, na siidharau. Inahifadhi vitu ambavyo skoshiti haiwezi: nyimbo zilizoimbwa, vumbi la uwanja, mwalimu mkuu aliyevua koti akacheza. Lakini majina inayapoteza haraka sana. Sikiliza wazee wa kikapu wakizungumza. "Namba 7 wa timu ile," "yule namba 12 mrefu," "namba 4, kapteni." Zamani jezi zilianzia 4 hadi 15, kwa sababu refa alihitaji kidole kimoja, viwili na vitatu kuonyesha pointi, na timu nyingi zilimpa kapteni namba 4. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha wachezaji wa Mwanza ambacho leo kimebaki kuwa namba. Namba 7 yule alikuwa na jina, na jina lake liliandikwa kwa mkono mezani kabla mpira haujarushwa.

Pia kumbukumbu huchanganya zama. Kijana wa leo akimsikia mzee aliyecheza miaka ya 1970 anasema alifunga pointi 30, anapima kwa macho ya sasa. Hapana. Pointi tatu ziliingia kwenye kanuni za FIBA mwaka 1984, mstari ukiwa mita 6.25, na ukasogezwa hadi mita 6.75 mwaka 2010. Pointi 30 za mzee yule zilikusanywa mbili mbili na moja moja. Kabla ya mwaka 2000 mechi ilikuwa nusu mbili za dakika 20, na timu ilikuwa na sekunde 30 za kushambulia badala ya 24 za sasa, ndiyo maana ukisikia matokeo ya zamani yenye pointi chache usiwadharau. Walikuwa na ruhusa ya kuushika mpira kwa muda mrefu zaidi, na wengi walicheza juu ya udongo ambao mpira haudundi mara mbili kwa namna moja.

Kwa vyuo upotevu ni mbaya zaidi. Mechi ya shule walau inabaki mtaani; aliyecheza Pamba, Nsumba au Bwiru, ndugu zake wako hapa hapa, watu watamkumbusha. Chuo ni watu wa kupita. Jumamosi ya kikapu pale Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, unaweza kukuta uwanjani mtu wa Mbeya, wa Tanga, wa Kigoma na wa Zanzibar katika timu moja. Miaka mitatu imekwisha, wametawanyika. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1998 kutokana na taasisi ya Nyegezi iliyokuwepo tangu miaka ya 1960, na wapo wazee wanaosimulia michezo ya Nyegezi ya kale kwa namna ya kukufanya utamani kuwa ulizaliwa mapema. Wanafunzi wa udaktari wa Bugando, walimu watarajiwa wa Butimba, wote wana hadithi zao. Zimegawanyika nchi nzima, vipande vipande, na hakuna anayeweza kuzikusanya bila karatasi.

Tena mwaka 2017 na 2018 mashindano ya taifa ya UMISSETA yalikuja Mwanza, vijana wa mikoa yote wakapiga kambi hapa kwetu. Ni juzi tu. Jaribu kumuuliza shabiki wa kawaida matokeo ya nusu fainali ya kikapu, wavulana au wasichana. Nimejaribu, na nilichopata ni tabasamu na "mechi ilikuwa kali."

Hapo kwenye wasichana ndipo hasira yangu inapozidi. Vikao vyetu vya kahawa ni vya wanaume, kwa hiyo mechi zinazosimuliwa ni za wavulana. Mabinti wa Nganza, wa Bwiru, wa shule za kata zilizojengwa juzi, wamecheza jasho lile lile juu ya saruji ile ile, na wengi wao waliolewa wakahama, hawaji kijiweni kujitetea. Mechi bora niliyowahi kuiona kwa macho yangu ni ile niliyoieleza hapo juu, na mara nyingi nimeitaja mbele ya watu wakaniangalia kana kwamba nimetaja rede. Skoshiti haina upendeleo huo. Ina safu zile zile, 1 hadi 160, akiwa msichana au mvulana.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Wacha niwape mfano wa kijiji. Tarehe 26 Januari 1960, huko Burnsville, kijiji kidogo cha jimbo la West Virginia nchini Marekani, kijana wa sekondari aitwaye Danny Heater alifunga pointi 135 katika mechi moja. Timu yake ilishinda 173–43. Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko uwanja wa kawaida. Familia yake ilikuwa maskini, na kocha alitaka vyuo vimsikie kijana wake apate ufadhili, kwa hiyo aliwaambia wenzake wampe mpira. Tunajua kwamba alifunga vikapu 53 na mitupo huru 29, kwa sababu mtu wa mezani alihesabu na kuandika.

Angalia pia kusudi la kocha yule. Karatasi ya mechi ni ushahidi wa kijana. Mtoto wa Ukerewe au Sengerema anayefunga pointi 25 kila mechi, akienda kuomba nafasi kwenye chuo au kwenye akademia, anakwenda na nini mkononi? Anakwenda na maneno ya mwalimu wake. Wenzake wa kwingine wanakwenda na takwimu.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Tarehe 12 Machi 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, timu ya chuo cha Connecticut ilikutana na Syracuse kwenye robo fainali ya mashindano ya Big East, ligi ya vyuo vya huko. Aliyesimama katikati ya ngome ya Connecticut alikuwa Mtanzania, Hasheem Thabeet, mita 2.21, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo na kuanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Mwishoni mwa dakika 40, Eric Devendorf wa Syracuse alirusha kutoka mbali, mpira ukaingia, akaruka juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakarudia picha za video na kukataa: saa ilikuwa imefika sifuri mpira ukiwa bado mkononi. Matokeo yakabaki 71–71, wakaenda kwenye dakika za nyongeza. Zilichezwa nyongeza sita. Syracuse wakashinda 127–117, na Jonny Flynn wao akawa amecheza dakika 67.

Mtupo wa Devendorf na mtupo wa namba 9 wetu ni suala moja: mpira ulitoka kabla au baada? Wa kwanza leo mtoto yeyote mwenye intaneti Igoma anaweza kukwambia jibu, na bado watu wanausimulia kwa msisimko. Wanaodai kwamba karatasi itaua utamu wa mabishano wautazame mfano huo. Ukweli ulioandikwa haujawanyima mashabiki wa Syracuse usiku wao. Umewapa kitu kigumu cha kusimamia wanapousimulia kwa wajukuu.

Na Thabeet mwenyewe, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka ule ule wa 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani: mechi zake za Marekani naweza kuzisoma moja moja, pointi na ribaundi. Mechi zake za Makongo sijawahi kuona hata skoshiti moja. Ikiwa ni hivyo kwa mchezaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kumtoa, namba 9 wa ng'ambo ya Busisi ana tumaini gani?

Vijana wananiambia siku hizi kuna video. Ni kweli, na nafurahi. Ila video za simu zinarekodi danki na fujo, si dakika 40. Simu ikiibwa pale stendi, mechi imekwenda nayo. Kundi la WhatsApp la darasa likifa, limekufa na kila kitu. Karatasi iliyopigwa picha na kuwekwa sehemu tatu tofauti ina nafasi kubwa ya kuishi.

Ninachoomba hakina gharama. Refa mkuu akishasaini, kabla timu haijapanda basi, mwalimu wa michezo wa kila upande apige picha skoshiti nzima, pembe zote nne zionekane, namba zisomeke. Nakala ya karatasi yenyewe iingie kwenye faili la maktaba ya shule, lenye mwaka juu yake, mahali ambapo hata mwalimu akihamishwa faili linabaki. Vyuo vyenye wizara ya michezo kwenye serikali ya wanafunzi vina kazi rahisi zaidi: waziri anayetoka amkabidhi anayeingia faili hilo, kwa saini, kama anavyomkabidhi mipira na jezi. Na chama cha kikapu cha mkoa kikubali kupokea nakala. Kwa mechi za zamani, waliokaa mezani wapo. Wengine ni walimu wastaafu wenye masanduku ya makaratasi ambayo watoto wao wanasubiri kuyachoma. Wafuateni sasa. Nendeni na karanga, kaeni, waulizeni majina kamili, shule, mwaka, uwanja. Anzeni na timu za wasichana, kwa sababu huko ndiko tulikochelewa zaidi.

Mimi nimeanza na mechi za ngazi ya wilaya. Nimewaomba walimu wawili wa michezo waniruhusu kupiga picha meza baada ya kila mchezo na kuwapa nakala zilizochapishwa. Mmoja alikubali palepale na akaniambia ana madaftari mengine nyumbani, nipange siku ya kwenda. Wa pili amesema lazima kwanza afisa michezo aridhie. Jumatatu naenda ofisini kwa afisa michezo.